Kamera Mbili na Jicho la Kulia la Bibi

Baba alikuwa na kamera mbili za macho mawili, na sidhani kama kulikuwa na mtu mwingine Bagamoyo aliyekuwa nayo hata moja. Nyumbani tulizoea kuziita hivyo kwa sababu kila moja ina lenzi mbili zilizoachana kama macho ya mtu. Ukifyatua mara moja zinatoka picha mbili, ya kulia na ya kushoto, zinazofanana lakini si sawasawa. Ukiziweka pamoja ndani ya kitazamio, kila jicho na picha yake, kitu kinasimama mbele yako kikiwa na unene wake. Ukuta unakwenda nyuma, mtu anakuja mbele, na katikati yao unaona hewa.

Moja ilikuwa ya chuma iliyovikwa ngozi. Baba aliinunua kwa Mzungu mpima ardhi aliyekuwa anafunga mizigo kurudi kwao. Ya pili ilikuwa nyeusi tupu, ya ile plastiki ngumu inayotengenezewa swichi za umeme, na hiyo aliipata bandarini Dar es Salaam kwa baharia wa meli ya Kirusi, wakabadilishana kwa redio. Mama mpaka leo anaiulizia ile redio.

Mimi nilikua nazo. Shuleni sisemi na watu sana, nikiulizwa swali darasani ulimi unakauka, lakini kwenye studio ya Baba nilikuwa mtu mwingine. Nilipofika kidato cha tatu nilikuwa nimeshajua tabia za kamera zote mbili kama unavyojua tabia za mashangazi.

Ile ya chuma ni ya kuaminika. Ina kifuniko kidogo mbele kama kope, unakiinua unapotaka kupiga na kukishusha ukimaliza, kwa hiyo vumbi na chumvi ya pwani havigusi lenzi. Ukisahau kusogeza filamu, inakatalia hapo hapo, kidole kinabonyeza na hakuna kinachotokea. Kwa miaka yote tuliyokuwa nayo haijawahi kuharibu picha hata moja, Baba husema ikiharibika picha jua umeharibu wewe. Ubaya wake ni tumbo. Inakula filamu ndogo, na picha zake mbili zinatoka kama stempu, huwezi kuzichapa kwenye karatasi ukaona kitu. Inataka ile filamu ya rangi inayotazamwa kwa mwanga, na filamu hiyo haisafishwi kwetu. Inatiwa kwenye bahasha, inakwenda Ulaya kwa posta, na inarudi mwezi itakapopenda.

Ile nyeusi inakula filamu pana. Picha zake ni kubwa, unazichapa kwa kuzilaza tu juu ya karatasi, zinafaa kabisa kwenye kitazamio cha mbao ambacho Baba alikitengeneza kwa vioo vya miwani ya marehemu babu. Kila kitu unafanya mwenyewe. Lakini kwa tabia! Mgongo wake haufungi vizuri, mwanga unapenya pembeni. Ndani yake kunang'aa, ikabidi Baba apake masizi ya sufuria yaliyochanganywa na gundi, kisha abandike vipande vya buibui kuukuu la Mama kwenye maungio. Nyuma ina kidirisha chekundu cha kusomea namba ya filamu, na kwa kuwa kila mpigo unakula nafasi mbili, unatakiwa uruke namba: moja, tatu, tano. Ukisahau, picha inapanda juu ya nyingine, nayo inakuacha tu. Haikatalii mtu kitu. Ina jicho la tatu katikati, la kuangalizia kwa juu, na yote matatu yameungwa kwa meno kama ya saa ili yageuke pamoja. Siku nyingine yanageuka pamoja.

Baba alikuwa akisema ile ya chuma ni mke wa ndoa na ile nyeusi ni hawara. Hakusema hivyo mbele ya Mama.

Sasa Bibi. Bibi mzaa mama anakaa Kaole, na ndiye aliyemlea dada yangu tangu alipoachishwa ziwa mpaka alipoanza shule. Miaka miwili iliyopita aliteleza kisimani akavunjika nyonga, na tangu hapo dunia yake ni kitanda, dirisha na kipande cha uwanja. Idi moja Baba alimpelekea kitazamio chenye picha ya kuku wetu wakila pumba uani. Bibi alikitia machoni, halafu akanyoosha mkono kumfukuza yule kuku wa mbele. "Ishaa." Tulicheka mpaka tukakaa chini. Yeye hakucheka. Alisema picha nyingine zote alizowahi kuonyeshwa zilikuwa karatasi, lakini hii ilikuwa kuku.

Kwa hiyo posa ya dada ilipokubaliwa, na mwanamume ni wa Pangani, na ikajulikana kwamba baada ya fungate atachukuliwa huko, Bibi alituma ujumbe mmoja. Hakutaka kubebwa kuja mjini. Alisema, "Nitabebwa siku moja tu, na siku hiyo sitakuwa na habari." Alichotaka ni amwone mjukuu wake siku ya kutolewa, amepambwa, amevaa zile bangili za fedha alizompa yeye, lakini amwone kama alivyomwona yule kuku.

Hilo lingekuwa jambo dogo kama si jicho. Jicho la kulia la Bibi lilikuwa limeanza kuingia ukungu. Hospitali walisema ni mtoto wa jicho, na pale Bagamoyo hawapasui. Kila nilipokwenda Kaole mboni ilikuwa nyeupe zaidi, mwisho ikawa kama tui. Baba alinieleza taratibu, maana alijua nimeshaelewa: kitazamio kinataka macho mawili. Siku jicho hilo litakapofunga, Bibi ataona picha ya kushoto tu, na picha ya kushoto peke yake ni karatasi.

Baba alipanga kutumia ile ya chuma. Ilikuwa na filamu moja ya rangi, ya mwisho, madukani Dar hazikuwapo tena. Mpigaji ningekuwa mimi, kwa sababu siku ya kutolewa bibi harusi wanakuwapo wanawake watupu, vichwa wazi, wamejipamba, wanacheza. Mwanamume hata awe mpiga picha wa rais hakanyagi. Hilo lilijulikana. Kilichokuwa hakijulikani ni kwamba shangazi yangu, dada yake Baba, alikuwa amelifikiria jambo hilo kupita sisi sote.

Alikuja Ijumaa, akakaa ukumbini, akapokea shikamoo zetu, akanywa kahawa. Ndipo akauliza ile filamu itasafishwa na nani. Baba akamweleza habari za Ulaya. Shangazi akaweka kikombe chini.

"Wasafishaji ni wanawake?"

Baba alisema hajui, pengine ni mashine.

"Mashine inaendeshwa na nani?"

Shangazi akasema wanawake wa mji huu watakuja nyumbani kwake kwa kumwamini yeye, watavua mabuibui yao kwa kumwamini yeye, na hatakuwa yeye wa kuwapeleka wametiwa ndani ya bahasha wakatazamwe na wanaume wa Ulaya. Kama picha lazima zipigwe, basi zipigwe na mwanamke, zisafishwe na mwanamke, zichapwe na mwanamke. Baba akasema atazisafisha mwenyewe, basi, kwa ile nyeusi.

"Wewe ni ndugu yangu," Shangazi alisema, "lakini macho yako ni ya mwanamume. Mwanao umtazame. Wake za watu, hapana."

Wote wakanigeukia. Nilikuwa natazama machicha ya kahawa chini ya kikombe changu.

Hivyo ndivyo uchaguzi ulivyofanyika. Kamera isiyoharibu ilikuwa na filamu inayopita mikononi mwa wanaume na kurudi baada ya miezi, na jicho la Bibi halikuwa na miezi. Kamera inayoharibu ilikuwa na filamu ninayoweza kuimaliza mwenyewe kwa siku moja. Filamu pana nayo ilikuwa moja tu, ya nyeusi na nyeupe, ambayo katika ile nyeusi ni mipigo sita.

Nilikuwa nimewahi kumsaidia Baba chumba cha giza, anamosafishia picha, mara nyingi. Peke yangu, kamwe. Wiki ile sikulala vizuri. Shuleni nilikuwa naziona namba za kidirisha chekundu ubaoni.

Siku yenyewe ua wa nyumba ya Shangazi ulitandikwa mikeka na kufunikwa turubai juu. Turubai hilo lilinitoa jasho kabla sijaanza, kwa sababu lilikuwa linakula mwanga. Maana yake kamera ingebidi ifungue macho polepole, na aliye mbele yake atulie kama chungu. Nilisimamisha stendi ya miguu mitatu karibu na nguzo, nikavua buibui langu nikalifunika kamera mgongoni lote, liwe pazia la yale maungio mabovu. Wanawake wakaanza kunitania. Mmoja akasema, haya, kamera imejistiri kuliko mwenyewe. Mwingine akataka kujua kwa nini ina macho matatu na kama la tatu ni la uchawi. Nilicheka kwa mdomo tu.

Dada alitolewa chumbani Alasiri imeshaswaliwa. Sikumtambua, nasema kweli. Hina mpaka kwenye viwiko, piko nyeusi juu yake, asumini kichwani zimeshuka mpaka mabegani, bangili za Bibi mkono mzima. Somo yake, yule mama aliyemfunda ndani wiki zote zile, alimwongoza mpaka kwenye kiti kirefu na kumkalisha, macho chini kama inavyotakiwa. Vigelegele vikapigwa mpaka turubai likatikisika.

Mpigo wa kwanza nilifyatua kwa wasiwasi, na nilipofyatua nikasikia upepo umefunua lile buibui upande mmoja. Nikajua huo umeliwa na mwanga. Nikasogeza filamu, nikainua ncha ya buibui, nikachungulia kidirishani: tatu. Mpigo wa pili, nilipoangalia kwa jicho la katikati, niliona kitu ambacho wale waliokaa mikekani hawakukiona. Asumini zilikuwa zinacheza. Hakukuwa na upepo pale alipokaa. Dada alikuwa anatetemeka, mwili mzima, kidogo kidogo, kama maji kwenye beseni lori likipita barabarani.

Nilifyatua hivyo hivyo, huku nikijua. Halafu nikamsogelea kama namtengeneza mtandio, nikamnong'oneza atulie kidogo tu, kwa ajili ya Bibi. Hakuinua macho.

"Siwezi," alisema. "Nimejaribu. Siwezi."

Somo alisikia. Alizunguka nyuma ya kiti, akainama akafichwa na asumini na mtandio, akapitisha mkono mmoja na kumshika dada begani. Mkono wake nao ulikuwa na hina. Kwa mbele usingejua kama kuna mtu pale. Mtetemo ukapungua, ukapungua, asumini zikasimama. Nikarudi kwenye kamera. Tano. Nikageuza, yale meno yakageuka pamoja, Mungu alinisaidia, nikabana pumzi nikafyatua, nikasikia macho yakifunguka na kufunga polepole, na katika muda ule wote dada hakutikisika.

Ningeishia hapo ningekuwa na amani. Lakini nilikuwa na mipigo mitatu mbele, nikataka na ya dada akiwa amesimama, na ya bangili kwa karibu, ili Bibi achague. Ndipo Shangazi akapita na mrashi wa fedha akiwanyunyizia wageni marashi, mmoja mmoja, mikono na shungi, kama inavyofanywa. Alipofika kwenye stendi alikuwa amechangamka, ameshacheza.

"Na huyu mgeni wetu mwenye macho mengi," akasema, "asiondoke bila kunukia."

Akainyunyizia kamera usoni.

Wanawake walicheka, na ilikuwa ni kwa mapenzi, najua, hakuna mgeni aliyerukwa na mrashi siku ile. Ile ya chuma ingekuwa imeshusha kope zake. Ile nyeusi ilipokea marashi macho wazi. Nikaona matone kwenye lenzi ya kushoto, makubwa, yanateremka. Nikashika kitu cha kwanza kilichokuwa karibu, upindo wa leso niliyojifunga, nikafuta. Leso ile ilikuwa imeshinda mwilini siku nzima na mafuta ya nywele na manukato mazito ya haludi. Sikuhitaji kuangalia. Nilinusa tu nikajua nimepaka.

Mipigo mitatu iliyobaki niliimaliza kwa sababu watu walikuwa wananitazama.

Kesho yake asubuhi Baba alitoa vitu vyake vyote chumba cha giza akanipangia mabeseni. Halafu akatoka, akavuta pazia, akaweka kigoda nje ya mlango, akakaa amenipa mgongo. Alikuwa amekwenda mapema kununua barafu kwa yule muuza sharubati, kwa sababu kwa joto letu dawa ikipata moto inalainisha filamu, na picha inabanduka ikaelea juu kama utando wa maziwa. Nimewahi kuona ikitokea. Harusi nzima ya watu ilibaki kwenye beseni inaelea.

Nikazima taa. Filamu ya aina ile haitaki hata taa nyekundu, ni giza la kaburi. Niliifungua kwa vidole, nikaishika ncha mbili, nikaanza kuipitisha kwenye dawa, juu, chini, juu, chini, kama mtu anayepepeta. Vidole vilikuwa vimekufa ganzi kwa baridi ya barafu. Nje nilimsikia Baba akikohoa, na saa yake ya mezani ikigonga. Tulikubaliana yeye atagonga mlango muda ukitimia. Muda ule ulikuwa mrefu. Nilijikuta nikisema moyoni picha ya tatu, picha ya tatu, kama dua, wala sikumwomba Mungu kwa adabu, nilikuwa namshurutisha.

Baba akagonga. Nikahamisha beseni, nikaosha, nikatia kwenye dawa ya kukazia, nikangoja, nikawasha taa.

"Nini?" aliuliza nje.

Niliiinua filamu inachuruzika maji. Ya kwanza, nusu imeungua kwa mwanga, kama nilivyojua. Ya pili, dada ana nyuso mbili. Ya nne, ya tano na ya sita, upande mmoja umesimama safi na mwingine ni ukungu mtupu, mafuta yangu. Ya tatu ilikuwa nzima. Pande zote.

"Moja," nilisema.

Baba akasema moja inatosha, Bibi ana kichwa kimoja.

Jioni ile nikachapa. Nililaza filamu juu ya karatasi chini ya kioo, nikawasha taa nikazima, nikatia karatasi kwenye dawa, na chini ya taa nyekundu dada akaja polepole, kwanza bangili, halafu asumini, mwisho macho. Nikakausha, nikabandika kwenye kadi, nikaitia kwenye kitazamio nikatazama.

Nusura nikidondoshe. Dada alikuwa hana uso. Alikuwa na shimo lenye sura, pua imeingia ndani, mashavu yamebonyea kama kinyago kilichogeuzwa nyuma. Ukuta uliokuwa mita tatu nyuma yake ulikuwa umekuja mbele na yeye amezamishwa ndani yake. Nilikitoa machoni, nikakirudisha. Vile vile. Nikafikiri ni ile kamera, yale meno, kwamba imeniharibia hata hii moja na haikuniambia. Nikaanza kulia, kilio cha kimya kile kinachotoka puani.

Baba nje akauliza kuna nini. Nikamwambia uso umeingia ndani. Akaniuliza ukuta uko wapi. Nikasema mbele. Nilisikia kigoda kikilia, halafu sauti yake, na ilikuwa tulivu sana.

"Umeibandika kama ilivyotoka?"

"Ndiyo."

"Filamu inapindua. Ikate katikati. Ya kulia iende kulia, ya kushoto kushoto. Sasa hivi kila jicho linaona kazi ya mwenzake."

Ile ya chuma filamu zake zinarudi kutoka Ulaya zimeshapangwa, na hizi za kwetu siku zote alikuwa anabandika Baba mwenyewe. Nikachukua mkasi, nikakata, nikabadilisha, nikabandika. Nikatazama.

Alikuwa pale. Amekaa. Bangili zilikuwa zinazunguka mkono, unaona upande wa mbele na upande wa nyuma. Asumini zilining'inia na nyuma yake kulikuwa na nafasi ya kupitisha kidole. Na mkono wa somo, ambao kwenye karatasi tupu ulionekana kama mkono wa dada mwenyewe amejishika bega, kwenye kitazamio ulitoka nyuma, gizani, ukapita juu ya mtandio, ukashika.

"Je?" Baba akauliza.

Nilitaka sana aone. Nilifika mpaka kwenye pazia nacho mkononi. Lakini pembeni ya picha, mkekani, wapo wake za watu wanacheka vichwa wazi, na mmoja ni mke wa rafiki yake. Nikamwelezea kwa mdomo, kitu kimoja kimoja, kipi kiko mbele na kipi nyuma, na yeye amekaa amenipa mgongo anaitikia kwa kichwa. Nadhani sijawahi kusema maneno mengi kiasi kile kwa mpigo.

Mama alipoitazama ile kadi kwa macho tu, bila kitazamio, alisema imetoka vizuri lakini kwa nini dada yako amejishika bega kama mwenye baridi. Sikumwambia. Nikaona nimepata kipimo cha jicho la Bibi, na nikaogopa kukitumia.

Jumamosi nikaenda Kaole kwa miguu, kitazamio kimefungwa kwenye leso ndani ya kikapu. Njia nzima nilikuwa nafikiria lile jicho. Nilipoingia Bibi alikuwa ameelekea dirishani. Nikamwamkia, akaitika marahaba, akageuka, na nikaona mboni ya kulia imekuwa nyeupe kuliko wiki mbili zilizopita. Aliniuliza nimeleta, nikasema nimeleta. Sikumwambia kama ni moja tu, wala habari ya marashi.

Nilimsaidia kukaa, nikamwekea mto, nikamgeuza mwanga wa dirisha umpige kwa nyuma. Akakitia machoni kwa mikono miwili.

Siku ile ya kuku alimfukuza papo hapo. Sasa hakunyoosha mkono. Alikisogeza kitazamio kidogo, akakirudisha. Akaziba kioo cha kulia kwa kiganja, akakaa, akafungua. Akaziba cha kushoto. Akafungua. Mimi nilikuwa nimesimama nimeshika upindo wa leso yangu, ninaukunja na kuukunjua. Akasema bangili zimempendeza. Bangili anazijua hata akiwa amefumba, nilisema moyoni, hizo si kitu. Akasema amekonda. Nikangoja. Nje mtu alikuwa anatwanga.

Nikajua ameona karatasi. Nilikuwa tayari natafuta neno la kumwambia, kwamba nitamletea ya rangi, kwamba ile kamera nyingine ni nzuri zaidi, uongo wowote.

"Huyu aliyejificha nyuma yake," Bibi akasema, "anayemshika bega, ni nani?"

Niliuachia upindo wa leso. Akarudia, akidhani sikusikia. Nikamwambia ni somo yake.

"Alikuwa anatetemeka?"

Angeuliza mtu mwingine ningesema hapana. Nilisema ndiyo, Bibi, sana, mpaka asumini zilikuwa zinacheza.

Bado alikuwa na kitazamio machoni. Niliona mdomo wake tu, chini ya ule ubao, unavutika upande.

"Mimi siku yangu walinishika wawili," alisema. "Na mmoja alikuwa ananifinya."

Halafu akaachia mkono mmoja, akaunyoosha hewani mbele yake, chini kidogo, akakunja vidole taratibu kama mtu anayeshika bega la mtoto. Hakukuwa na kitu pale. Aliuacha mkono ukae hapo hapo, na mimi nikakaa chini kwenye mkeka, nikangoja mpaka achoke mwenyewe.